Ziara ya Reli Nyembamba

Mara ya mwisho Bi Nyundo kumpiga mtu ilikuwa miaka ishirini na miwili nyuma, kwenye karakana ya treni za miwa, na aliyepigwa alikuwa msimamizi wake. Msimamizi yule alikuwa na mazoea ya kupita nyuma ya wanawake wanapoinamia mashine. Siku hiyo mkono wake ukateleza kama kawaida yake, Bi Nyundo akageuka na nyundo ya mti aliyokuwa ameshika, akamshushia nayo kwenye mfupa wa bega. Mfupa ulilia ko! karakana nzima ikasikia. Alisimamishwa kazi miezi mitatu, akarudi, akaendelea kukereza vyuma kwenye mashine ileile mpaka akastaafu, na hakuna mwanamume aliyepita tena nyuma yake. Jina la utani lilianzia hapo. Jina lake halisi lilibaki kwenye kitambulisho tu.

Alipostaafu, mikono ilimwasha kwa kukosa kazi. Akaanza kujenga nyumbani kwake, kwenye meza iliyokula nusu ya sebule, zile treni alizozitengeneza maisha yake yote: vichwa vidogo vya kuvuta miwa na mawe, vinavyopita kwenye reli nyembamba isiyozidi hatua moja ya mtu mzima, vinavyokata kona ambazo treni kubwa ingepinduka. Aliziunda ndogo kiasi cha kubebwa mikononi, kwa shaba, skrubu moja baada ya nyingine. Ndipo akagundua kwamba hakuwa kichaa peke yake. Kulikuwa na chama cha watu kumi na mmoja, kila mmoja na reli yake nyembamba aliyoijenga nyumbani kwa mikono yake, na mara moja kwa mwaka, siku ya Jumamosi, walizunguka nyumba kwa nyumba kutazamana.

Kwenye ziara ya namna hiyo, miaka sita iliyopita, ndipo binti yake alipokutana na mume wake. Binti huyo aliitwa Chiriku tangu utotoni kwa kuwa mdomo wake haukupumzika. Angeweza kukusimulia safari ya kwenda dukani ukachelewa kazini. Kijana mwenyewe alikuwa mwanachama, mchora ramani za majengo, msafi, mpole wa sauti. Bi Nyundo ndiye aliyemnong'oneza binti yake, "Mtazame yule. Mikono yake imetulia." Neno hilo lilikuja kumchoma baadaye kuliko moto wowote.

Sasa ilikuwa miezi minne hajamwona Chiriku. Akipiga simu, mkwe ndiye anayepokea: Chiriku amelala, Chiriku ametoka, Chiriku ana mafua hataki kukuambukiza, Mama. Siku moja Bi Nyundo alikwenda bila taarifa. Mkwe akamtokea getini na mswaki mkononi, akatabasamu, akampokea mfuko wa matunda, akamshukuru sana, na kabla Bi Nyundo hajajua kilichotokea alikuwa kituoni anasubiri basi la kurudi. Wiki moja baadaye simu yake iliita. Ilikuwa sauti ya Chiriku, ndogo kama ya mtu aliye ndani ya kabati. "Mama, usije nyumbani." Ikakatika.

Mtu mwingine angekwenda siku hiyohiyo na polisi, au na ndugu. Bi Nyundo alikaa siku tatu akigeuza jambo hilo kichwani. Angemwambia nani, na angesema nini? Kwamba mkwe wake anatabasamu? Aliogopa kuonekana mama mkwe anayeingilia ndoa ya watu, na aliogopa zaidi kwamba akifika na kelele, mlango utafungwa na atakayelipia ni aliyebaki ndani. Kwa hiyo akatafuta njia ya kuufanya mlango ufunguliwe na mkwe mwenyewe.

Kwenye kikao cha chama, Mwenyekiti alipoanza kupanga ziara ya mwaka, Bi Nyundo alinyosha mkono. Mwenyekiti alikuwa stesheni masta mstaafu ambaye bado alivaa filimbi shingoni.

"Mkwe wangu amemaliza kujenga machimbo yake ya mawe mezani," Bi Nyundo akasema. "Wanaoyaona wanarudi midomo wazi. Mimi ningesema tumalizie kwake, iwe ndiyo nyumba ya mwisho."

Mwenyekiti akampigia palepale. Mkwe yule ungeweza kumnyima chakula siku mbili asilalamike, lakini kukaa bila sifa hakuweza. Akakubali kabla Mwenyekiti hajamaliza sentensi.

Jumamosi asubuhi walianzia kwa Mfamasia. Wengi walikuwa na udhuru, wakatokea wanne tu: Mwenyekiti, Mfamasia mwenyewe, Seremala, ambaye alikuwa pande la mtu lenye maneno ya kuhesabika, na Bi Nyundo aliyevaa viatu vyake vya zamani vya karakana. Mfamasia aliishi juu ya duka lake la dawa, chumba kimoja na ujia mwembamba, na reli yake aliijenga kwenye ubao uliotiwa bawaba ukutani mwa ujia huo. Ukitaka kuiona, unaushusha ubao; ukitaka kwenda msalani, unaupandisha. Alikuwa na njia moja na treni mbili, na raha yake yote ilikuwa kuziachia zikimbie kuelekeana, kisha kuipisha moja pembeni zikiwa zimebakiza upana wa kiganja.

"Siku moja zitagongana," Mwenyekiti akasema.

"Zimeshagongana mara kumi na saba," Mfamasia akajibu kwa fahari. "Tazama, dereva huyu hana kichwa tena."

Walicheka wote. Wenzao walipotangulia kushuka ngazi, Mfamasia akabaki anaupandisha ubao, na akauliza kwa sauti ya chini, kama mtu anayefanya wema, "Binti yako amepata nafuu?"

"Nafuu ya nini?"

Mfamasia akaganda na mkono juu ya ubao. "Nilidhani unajua. Huwa anakuja dukani. Dawa za maumivu, bandeji. Mwezi uliopita alitaka kitu cha kufungia vidole viwili."

"Amekuja mara ngapi?"

"Mara tano. Sita."

"Ukamuuliza amepatwa na nini?"

"Alisema ameanguka."

"Mara sita?"

"Bi Nyundo, kazi yangu ina siri ya mteja, siwezi tu—"

Hakumaliza. Bi Nyundo alimkwida kola akambandika ukutani, ubao ukachomoka kwenye ndoano yake ukamshukia Mfamasia begani, treni zote mbili zikaporomoka sakafuni, magurudumu yakitawanyika mpaka chini ya mlango wa msalani. Mfamasia hakujitetea. Alikuwa mwembamba, na miwani yake ilikuwa imekaa upande.

"Tunakaa kikao kimoja kila mwezi," Bi Nyundo alisema, uso wake karibu na wake. "Unanipitishia sukari. Unaniuliza habari za nyumbani. Habari za nyumbani unazo wewe!"

"Nisamehe."

"Sina nafasi ya kukusamehe leo." Akamwachia. "Shuka, tunachelewa."

Nyumbani kwa Seremala, Bi Nyundo alitazama bila kuona. Seremala alikuwa ametandika reli uani, ikizunguka pipa la maji na rundo la mbao, na kichwa chake cha treni kilikuwa cha mvuke wa kweli, kilichowashwa kwa spiriti, kikitoa mlio wa birika. Wenzake walipiga makofi. Bi Nyundo alikishika kichwa kile kukirudisha kwenye reli kilipoyumba, na ni Mwenyekiti aliyepiga ukelele, "Mama, unaungua!" Akatazama kiganja chake. Ngozi ilikuwa imeshajikunja nyeupe. Mfamasia alimfunga kitambaa bila kuinua macho.

Saa nane mchana walifika kwa mkwe.

Geti lilikuwa wazi. Mkwe aliwapokea barazani na shati lililopigwa pasi, akamwamkia mama mkwe wake kwa kuinama, akawapitisha moja kwa moja kwenye chumba kikubwa kuliko vyote katika nyumba ile. Meza ilizunguka kuta tatu. Ukuta wa kwanza ulikuwa machimbo, mwamba wa plasta uliokatwa ngazi kwa ngazi, rangi ya kijivu na kutu, na reli nyembamba ikijikunja kutoka ngazi hadi ngazi. Ukuta wa pili ulikuwa daraja la vijiti, mamia ya vijiti, juu ya bonde lenye kina cha mkono mzima. Ukuta wa tatu ulikuwa kijiji cha wachimbaji: vibanda vya bati lililochakaa, kamba za nguo zilizofumwa kwa uzi, mashati yasiyozidi ukucha. Kwenye kibanda kimoja dirisha lilikuwa na pazia lenye kiraka.

Kijijini hakukuwa na kisanamu cha mtu hata kimoja. "Watu wanaharibu uwiano," mkwe alieleza. "Hutengenezi mtu mdogo akaonekana mtu."

"Na haya yote umeyafanya peke yako?" Mwenyekiti akauliza, macho yamemtoka.

"Peke yangu. Usiku na mchana."

Bi Nyundo alilitazama lile pazia lenye kiraka. Alimjua mshonaji. Chiriku alianza kushonea wanasesere wake mashati ya namna ile akiwa na miaka sita, chini ya meza ya jikoni, akiongea mfululizo. Kisha akaona kwamba kijiji kiliishia nusu. Vibanda vinne vya mwisho vilikuwa maboksi matupu, havina mlango wala kamba ya nguo.

"Mwenzako yuko wapi?" aliuliza.

"Anatengeneza chai, Mama. Kaa, nikuonyeshe treni yako."

Treni yake ndiyo hiyo iliyokuwa ikitoka kwenye handaki. Bi Nyundo alikikereza kichwa kile mwenyewe, mwaka mzima, kiwe zawadi ya harusi: shaba tupu, kilo nne na ushee, na kilipopita darajani vijiti vyote vikatetema. Nyuma yake kilivuta mabehewa manane ya mawe.

Mlango wa jikoni ukafunguliwa kwa bega, Chiriku akaingia na sinia. Birika la chai lilikuwa katikati, vikombe vimezunguka. Alitembea kama mtu anayehesabu hatua. Blauzi ilifungwa mpaka shingoni na joto lote lile, kitambaa cha kichwa kimeshushwa upande mmoja, na vidole viwili vya mkono wa kushoto vimefungwa pamoja kwa utepe wa kufungia nyaya za umeme. Taya yake ilikuwa imevimba na kubadilika rangi.

"Shikamoo, Mama," alisema. Alipofungua mdomo, pengo lilionekana upande wa juu.

"Marahaba, mwanangu." Bi Nyundo hakusogea. Macho ya binti yake yalimkataza.

Chumba kilikuwa na watu sita, na wote waliona. Seremala alitazama viatu vyake. Mfamasia alivua miwani, akaifuta, akaivaa, akaivua tena. Mwenyekiti aliinamia machimbo karibu pua iguse plasta, akasema, "Kona hii umeikata kwa ukali wa ajabu. Haitoki kwenye reli kweli?"

Palepale ikatoka. Behewa la tatu liliruka kwenye kiungo cha reli mwanzoni mwa daraja, likavuta la nne, na yote mawili yakatumbukia bondeni na changarawe zake. Mwenyekiti akacheka, cheko la kawaida la mtu anayefurahi kuona la mwenzake nalo limeharibika.

Mkwe naye alitabasamu. Bado anatabasamu, akageuka akamwambia mke wake, "Nilikwambia usafishe viungo," na kwa mkono wa kulia, ulioshika kidude cha kuendeshea treni, akampiga usoni kwa mgongo wa kiganja.

Halikuwa pigo la hasira. Ndilo jambo ambalo Bi Nyundo alilikumbuka baadaye kuliko mengine: lilikuwa pigo la mazoea, kama mtu anavyofukuza nzi. Vikombe viwili vilianguka vikapasuka. Chiriku hakulia, wala sinia halikumtoka mikononi. Alilisogeza tu kwenye ukingo wa meza, akasimama, damu ikimtoka puani ikidondokea kijijini.

Treni iliendelea kuzunguka na mabehewa mawili ya mbele; manne ya nyuma yalibaki mwanzoni mwa daraja.

"Basi, jamani," Mwenyekiti akasema. "Basi. Mambo ya nyumbani hayo. Tuendelee kutazama."

Bi Nyundo alikuwa ameshaanza kutembea. Alipita nyuma ya Mwenyekiti, akapita nyuma ya Seremala, bila haraka, na kichwa cha treni kilipofika mbele yake alikinyanyua kutoka kwenye reli kikiwa bado kinazungusha magurudumu. Mkwe alimwona dakika ya mwisho. Akafungua mdomo, labda kusema "Mama." Shaba ikamkuta sikioni.

Alikwenda chini na kona nzima ya machimbo. Plasta ilipasuka, vumbi jeupe likatapakaa chumbani, na Bi Nyundo akamfuata kwenye vumbi hilohilo akampiga tena begani. Lakini mtu yule alikuwa na miaka thelathini na mitano, yeye alikuwa na sitini na tatu. Mkwe alimdaka kiuno, akamnyanyua, akambwaga mgongo kwenye daraja. Mamia ya vijiti yalivunjika kwa mpigo mmoja. Kipande cha reli kilichong'oka kilimchoma chini ya mbavu na akasikia kikiingia, baridi, kisha moto. Mikono miwili ikamkaba koo. Mikono iliyotulia.

"Nyumbani kwangu?" mkwe alikuwa akisema, damu ikimchuruzika shingoni. "Unanipiga nyumbani kwangu?"

Mfamasia ndiye aliyemrukia mgongoni. Hakuwa na nguvu hata za kufungua chupa, lakini alimng'ang'ania nywele na kumng'ata begani kama mbwa. Mkwe akarusha kiwiko kwa nyuma, mara moja, mara mbili, pua ya Mfamasia ikavunjika na miwani ikaruka, naye akaanguka chini ya meza akikohoa damu. Seremala, pande la mtu, alisimama mlangoni mikono imening'inia. Mwenyekiti alikuwa ameishika filimbi yake, na akaipuliza! Akaipuliza kweli, kwa nguvu zote, kama vile kuna treni itakayosimama.

Bi Nyundo alianza kuona giza pembeni mwa macho. Aliona dari. Aliona uso wa mkwe, mwekundu, umejaa vumbi la plasta. Kisha akaona mkono wenye vidole viwili vilivyofungwa kwa utepe ukipita juu ya uso huo, na birika.

Chiriku aliimimina chai yote, polepole, kuanzia kisogoni mpaka mgongoni, bila kuacha tone.

Sauti aliyotoa mkwe ilisikika barabarani. Alimwachia mama akajikunja, akajipigiza ukutani, akang'oa shati lililokuwa limeng'ang'ania ngozi, akaanguka kwa magoti. Bi Nyundo alishuka mezani akihema, akaokota kichwa cha treni. Kilikuwa kimepinda upande mmoja. Mkwe alikuwa chini, hana ubavu tena wa kupigana, na Bi Nyundo aliliona hilo waziwazi. Angeweza kuacha. Akapiga goti juu ya kifua chake.

"Chiriku. Mkono upi?"

Binti yake alikuwa ameegemea ukuta, birika tupu mkononi. Alitazama mama yake, akatazama mtu aliye chini.

"Mkono upi, mwanangu?"

"Wa kulia."

Bi Nyundo aliukandamiza mkono wa kulia sakafuni kwa buti lake, akashusha kilo nne za shaba juu yake. Akashusha tena. Mara ya tatu Seremala ndipo alipopata miguu. Alimkumbatia kwa nyuma akamwinua mzimamzima, naye akipiga mateke hewani, akitukana matusi ya karakana ambayo binti yake hakuwahi kumsikia nayo. Kisha ikabaki kwikwi ya mkwe na maji ya chai yakidondoka kutoka kwenye machimbo.

Ndani ya nafsi yake, Bi Nyundo alitafuta majuto. Alikuta furaha, tena furaha kubwa, na hiyo ndiyo iliyomtisha.

Polisi walikuja kwa kuitwa na jirani. Hospitalini kipande cha reli kilitolewa ubavuni mwa Bi Nyundo, urefu wa kidole, na daktari akamwambia kingeingia kidogo tu zaidi kingetoboa ini. Chiriku alipigwa picha za mionzi. Daktari alihesabu mifupa iliyovunjika na kujiunga yenyewe vibaya: mbavu tatu, kifundo cha mkono, taya, vidole viwili. Alihesabu kwa sauti, na Bi Nyundo aliyelala kitanda cha pili akamwomba asitishe. Daktari hakusitisha. "Lazima iandikwe, Mama," alisema.

Kesi zilikuwa mbili. Ya mkwe ilikwenda haraka kwa sababu ya picha zile, akapata miaka mitano. Alisimama kizimbani na mkono wa kulia umefungwa kama furushi. Kalamu hataishika tena, walisema mabingwa wa mifupa. Ya Bi Nyundo, kosa la kujeruhi, ilichukua miezi saba. Upande wa mashtaka ulifukua mpaka bega la yule msimamizi. Mwenyekiti aliitwa kutoa ushahidi, akaja amevaa suti.

"Uliona mkwe wa mshtakiwa akimpiga mkewe?" wakili wa Bi Nyundo alimuuliza.

"Wakati huo nilikuwa natazama treni."

"Na mke alipoingia, uso umevimba, ulimwona?"

"Nilikuwa natazama treni."

"Muda wote?" hakimu akauliza.

"Ni treni nzuri, mheshimiwa."

Mfamasia alisimama baada yake, pua imekaa upande kama miwani yake ya zamani. Alisema mteja alikuja mara sita, akazitaja dawa zote, na alipoulizwa kwa nini hakutoa taarifa, alisema, "Kwa sababu ya woga. Niliuita siri ya mteja, lakini ulikuwa woga." Bi Nyundo alimtazama tangu mwanzo mpaka mwisho, na kwa mara ya kwanza tangu siku ile hakutaka kumpiga.

Kisha wakamwita Chiriku.

"Ni kweli mama yako alikuuliza mkono upi?" mwendesha mashtaka akauliza.

"Ni kweli."

"Ukamwambia?"

"Nilimwambia." Sauti yake ilifika mpaka viti vya nyuma. "Alikuwa ameanguka chini, hawezi kitu, na nilijua nitakachosema kitafanya nini. Nikasema."

Wakili wa Bi Nyundo alifumba macho. Hakimu aliandika kwa muda mrefu. Bi Nyundo alipewa kifungo cha nje cha mwaka mmoja na nusu, na kazi ya kufagia korido za hospitali ileile kila siku ya wiki. Chiriku hakushtakiwa. Seremala, ambaye hakuitwa na upande wowote, alikuwa amekaa nje ya mahakama siku zote za kesi, na walipotoka aliinuka, akavua kofia, akaondoka nayo mkononi.

Nyumbani, Chiriku alilala sebuleni, kwenye kochi lililo kando ya meza ya treni. Aliongea kidogo. Bi Nyundo alidhani ni maumivu, akampikia, akamkanda vidole kwa maji ya uvuguvugu kama alivyoelekezwa, akasubiri. Siku moja mchana, akiwa amerudi kutoka kufagia, alimkuta amekaa mezani, mikono mapajani.

"Mama, nikuulize."

"Uliza."

"Kwa nini hukuja?"

"Nilikuja. Nilipanga ziara nzima kwa ajili yako."

"Miezi minne, Mama. Nilikwambia usije ili uje." Taya iliyopinda ilimfanya atafune maneno. "Nilikaa nasikiliza geti. Kila siku. Na wewe unapanga kikao, unapanga nyumba ya kwanza, nyumba ya pili, mnatazama treni, mnacheka. Nyumba ya tatu ndiyo mimi."

Bi Nyundo alikaa chini. Alikuwa na majibu yake, aliyajua, aliyapanga usiku mwingi: mlango ungefungwa, ungelipia wewe, sikuwa na uhakika. Yote yalikuwa na ukweli ndani yake. Akayaacha.

"Niliona haya," alisema. "Ni mimi niliyekuonyesha mtu yule. Nikaona haya kuja kugonga mlango na kukuta ni kweli."

Chiriku alilia, mara ya kwanza tangu siku ile, kwa sauti, mdomo wazi, na mama yake alipomsogelea akampiga ngumi ya kifuani, kisha nyingine, kwa ule mkono wenye vidole vibovu. Bi Nyundo alizipokea zote. Alisimama palepale mikono imeshuka mpaka binti yake alipochoka.

Mwezi uliofuata Chiriku alipata kazi kwenye duka la ushonaji, nguo za wauguzi na wanafunzi, na akapanga chumba juu ya duka hilo. Bi Nyundo alikwenda kumfungia kitasa kipya. Alitoboa mlango, akakiweka, akakijaribu mara kumi, ufunguo ukageuka laini. Kitasa kilikuja na funguo tatu. Alizitoa kwenye mfuko, akaitenganisha moja, akaishika.

"Hii nikae nayo mimi? Likitokea lolote."

"Hapana, Mama." Chiriku alinyosha kiganja. "Zote ni zangu. Ukija, gonga."

Bi Nyundo akampa zote tatu. Akakusanya vifaa vyake, akafagia vumbi la mbao mlangoni, akashuka ngazi. Alipofika chini alisikia binti yake akimwambia mtu wa chumba cha jirani habari za mlango mpya, jinsi ulivyokuwa mgumu, jinsi fundi alivyokuwa mkali, akiongea, akiongea. Alisimama kidogo kumsikiliza, kisha akaenda zake.